Bibi yangu, mke wa askari: yale ambayo hayakuingia kwenye wasifu wake

MjukuuWaKota (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu mzaa mama. Kazi ya kuandika wasifu wa marehemu niliachiwa mimi, na mliowahi kuifanya mnayajua masharti yake: karatasi moja, dakika tano, ratiba imebana na watu wana safari ya kurudi. Nikaandika alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto sita, wajukuu na vitukuu, akaugua, Mungu akampenda zaidi. Katikati ya karatasi ile kulikuwa na mstari mmoja: "aliishi na mumewe katika vituo mbalimbali vya kazi." Zaidi ya miaka 20 ya kota za jeshi iliishia hapo.

Babu alipofariki mwaka 1998 alizikwa kwa heshima zote. Gwaride lilikuja, jeneza likafunikwa bendera, risasi zikapigwa hewani, na wasifu wake ulitaja kila kituo, kila cheo na kila nishani. Ilikuwa haki yake na sina neno nalo. Lakini kila kituo alichotajiwa babu, bibi alikuwepo, na kazi aliyoifanya kwenye vituo hivyo sijaiona imeandikwa popote. Kwa hiyo naiandika hapa. Uzi ni mrefu, anayetaka kuvuta kiti avute.

Babu aliingia jeshini 1966. JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilikuwa changa, iliundwa Septemba 1964 baada ya yale maasi ya Januari ya Tanganyika Rifles, jeshi lililoitangulia. Wakaoana 1967, ndoa ya kimila, na miezi michache baadaye bibi akapanda lori kwenda Nachingwea. Hakuwahi kutoka kijijini kwao kabla ya hapo. Miaka ile upande huo wa nchi ulikuwa na wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, waliokuwa wakipata mafunzo, kwa hiyo ilikuwa kambi ya mambo mengi yasiyosemwa. Mume anatoka alfajiri, hajui anarudi leo au wiki ijayo, na akirudi huulizi alikuwa wapi. Bibi alituambia Nachingwea ndiko alikojifunza kupika chakula cha mtu ambaye huenda asije, na kukigawa kwa jirani kabla hakijachacha.

Mama yangu alizaliwa Nachingwea. Mjomba mkubwa Songea. Mama wadogo wawili Tabora. Ukitaka kujua ratiba ya uhamisho wa babu, panga watoto wake kwa umri.

Uhamisho ulikuwa na utaratibu wake. Taarifa inakuja, una siku chache, lori linakuja. Vyombo vinaingia kwenye sanduku la bati, magodoro yanakunjwa na kufungwa kamba, kuku wanagawiwa. Kila kota aliyofikia, juma la kwanza bibi alipanda mipapai nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kwa nini mipapai, akaniambia mwembe ni wa mtu aliye kwake. Mpapai ndani ya mwaka umeshazaa, na hata uhamisho ukikuwahi, atakayeingia nyumba ile atakuta matunda. Naye alisema mara mbili aliingia kota akakuta mipapai ya mwanamke asiyemjua.

Nitaendelea na sehemu ya vita, maana ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Nyota ya Ziwa

Pole sana mkuu kwa msiba. Nimesimama hapo kwenye mipapai. Mama yangu alikuwa mke wa askari pia, na sikuwahi kujua kwa nini kila tulikohamia alikuwa anatafuta mbegu za mapapai kabla hata hajafungua mizigo. Endelea tafadhali.

Kalamu Nyeusi

Pole kwa familia. Nina swali la heshima kabisa. Wake wa walimu nao walihamishwa. Wa watu wa reli, wa polisi, wa mabwana shamba. Wote walifunga mizigo. Tunapomweka mke wa askari peke yake, hatuwasahau hao wengine?

MjukuuWaKota

Kalamu Nyeusi, swali lako ni la haki. Kwenye kufunga mizigo uko sahihi, wote ni wamoja. Tofauti ninayoiona mimi ipo kwenye kusubiri. Mke wa mwalimu akimsindikiza mumewe stendi anajua anakwenda kufundisha. Sasa soma hii.

Mwaka 1978 walikuwa Tabora, babu akiwa koplo. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya nduli Amin wa Uganda yakavuka mpaka na kuingia Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akalihutubia taifa. Bibi aliisikia hotuba ile kwenye redio ya jirani. Yale maneno ya uwezo, sababu na nia nchi nzima inayajua. Yeye alichokikumbuka zaidi ni kwamba hotuba haijaisha, babu alikuwa ameshainama anakaza kamba za buti.

Wakaondoka kwa treni kuelekea Mwanza. Laini nzima, yaani safu yetu ya nyumba za kota, ikabaki ya wanawake na watoto.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Bibi hakusoma shule hata siku moja. Lakini mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea mpaka makambini. Bibi alianza akiwa na mtoto mgongoni, jioni, baada ya kumaliza kazi za nyumbani. Ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, ile ya vikundi vya kusikiliza redio na kujadili kijitabu, yeye ndiye aliyekuwa anawasomea wenzake kijitabu. Polepole, kwa kidole, lakini anasoma. Wengi walioanza naye waliacha. Wengine mimba, wengine uhamisho, wengine waume zao hawakutaka.

Kwa hiyo vita vilipokuja, kwenye laini yao bibi alikuwa mmoja wa wachache sana walioweza kusoma barua. Na barua zikaanza kuja.

Zilikuja na madereva wa malori, na majeruhi waliorudishwa, wakati mwingine mafungu matatu siku moja halafu kimya mwezi mzima. Mwenye barua anakuja nyuma ya nyumba yetu na bahasha amefunga kwenye pindo la kanga. Bibi ananawa mikono, anafuta, halafu anaifungua bahasha kwa ncha ya kisu kwenye gundi. Hachani. Karatasi zilikuwa za shida, na bahasha ile ile ingefunguliwa yote, ikageuzwa ndani nje, ikagundishwa upya ili ibebe jibu. Kisha anaisoma kwanza yote kimya, midomo ikichezacheza. Mama anasema wanawake walijifunza kuitazama midomo ya bibi, na mtoto aliyepiga kelele wakati ule alifinywa na mama yeyote aliyekuwa karibu.

Halafu ndipo anasoma kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, neno kwa neno.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hapunguzi barua wala haongezi. Kama mume ameandika maneno makali, anayasoma makali yalivyo. Ya pili, barua haisomwi jioni. Iliyofika baada ya saa kumi inalala mpaka asubuhi, hata mwenyewe alie. Alisema habari mbaya ikikuta mtu asubuhi, ana mchana mzima wa watu. Ikimkuta usiku, anabaki nayo peke yake na watoto wamelala.

Barua za kwake mwenyewe alizisoma mwisho, wenzake wakishaondoka.

Mama Wawili

Dada mbona unatutoa machozi watu tuko kazini.

Kalamu Nyeusi

Nimeelewa kuhusu kusubiri, na nashukuru kwa jibu. Lakini hiyo kanuni ya kwanza inanipa shida. Mwanamke ana mimba ya miezi minane, mumewe yuko vitani, ameandika kwa hasira jambo ambalo labda kesho yake amelijutia. Kumsomea neno kwa neno ni ukatili. Angeruka mstari mmoja nani angejua? Mimi ningeruka.

Nyota ya Ziwa

Kalamu Nyeusi, ukiruka mara moja, kesho kila mwanamke pale atajiuliza wewe umeruka nini kwenye ya kwake. Hata barua nzuri haitaaminika. Mimi namuunga mkono bibi.

Mzee wa Kombania

Wajukuu, nimeusoma uzi huu wote kimya kimya, sasa nimeona nami niseme.

Nilikuwa kijana mdogo kwenye vita hivyo. Tulivuka Mutukula, tukaingia Masaka Februari 1979, Machi tukawa Lukaya kwenye ile barabara inayopita katikati ya kinamasi, tukapambana na Waganda pamoja na Walibya waliokuja kuwasaidia. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Watu wengi wanadhani vita viliishia hapo. Sisi tuliendelea kaskazini mpaka Juni tukafika mpaka wa Sudani.

Kuhusu barua nataka niwaeleze upande wetu. Kule pia si wote walijua kuandika. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo wenzangu wenye umri wa baba yangu walikuja kwangu niwaandikie wake zao. Naandikia gotini, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, hata ya ndani ya pakiti ya sigara. Sasa fikirini. Mtu anataka kumwambia mkewe jambo la moyoni. Kwanza aniambie mimi, kijana mdogo, niandike. Halafu anajua huko nyumbani kuna mtu mwingine atamsomea. Kati ya mume na mke wamekaa watu wawili.

Ndiyo maana barua zile zilijaa salamu. Msalimie fulani, msalimie fulani, mbuzi hajambo? Nilimwandikia sajini mmoja miezi mingi, na kila barua lazima aulize "yule mbuzi mweupe hajambo?" Baadaye nikaambiwa hawakuwa na mbuzi. Sikuuliza zaidi, na mpaka leo sijui mbuzi ni nini, na sitaki kujua. Lilikuwa lao.

Kwa hiyo huyo bibi yenu kusoma neno kwa neno alifanya jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Angeruka salamu za mbuzi kwa kuona hazina maana, angekuwa ameruka barua yenyewe.

MjukuuWaKota

Shikamoo mzee. Asante sana. Nimemsomea mama ujumbe wako kwa simu, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema wao kulikuwa na "ule mti wa nyuma ya nyumba." Babu aliuuliza kila barua. Anasema yeye alikuwa anakwenda kuutazama ule mti kuona una nini.

Mzee wa Kombania

Marahaba mjukuu. Msalimie mama.

Kalamu Nyeusi

Mzee shikamoo. Kwa hilo la mbuzi nimekubali, narudisha maneno yangu.

MjukuuWaKota

Nimalizie habari za laini.

Barua ni habari njema hata ikiwa mbaya, kwa sababu aliyeiandika alikuwa hai siku ile. Walichokiogopa ni gari. Land Rover ya kambi ilikuwa na safari zake za kawaida na wote walijua inapita saa ngapi. Ikipita saa nyingine, ikaanza kupunguza mwendo, laini nzima inasimama. Bibi alisema mwanamke aliyekuwa anatwanga anabaki na mchi juu.

Walishakubaliana mapema, bila kikao. Gari likisimama kwenye nyumba, jirani wa kulia anachukua watoto, jirani wa kushoto anaingia jikoni. Hakuna anayesubiri kuombwa. Bibi, kwa kuwa alijua kusoma, ndiye aliyeitwa kukaa na mjane wakati karatasi zinasomwa na kusainiwa. Ambaye hakujua kusaini alishikwa kidole gumba, na aliyekishika ni bibi. Kuna mjane mmoja alikaa kwetu na wanawe watatu wakati anasubiri ndugu zake wasafiri kuja kumchukua. Walilala chumba kimoja na mama na wajomba, watoto saba kwenye jamvi. Mmoja wa wale watoto watatu alikuja msibani mwezi uliopita. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Alikaa na sisi siku zote za matanga.

Waliolala huko wengi wako Kaboya, wilayani Muleba, na Siku ya Mashujaa, Julai 25, nchi inawakumbuka. Bibi alikuwa akifungulia redio siku hiyo tangu asubuhi. Majina aliyoyajua yeye kwenye orodha ile aliyajua kwa namna nyingine, huyu ni baba wa fulani, huyu mkewe alikuwa na mimba.

Babu alirudi 1980. Nchi ilikuwa imeshafunga mkanda, kila kitu foleni: sabuni, sukari, kanga. Watu walimpokea kwa vigelegele, na kweli ilikuwa furaha. Lakini nyumba ilikuwa ya bati, na mvua kubwa ya Tabora ikipiga bati usiku, babu hakuweza kubaki kitandani. Hakusema ni nini. Bibi hakumuuliza. Mvua ikianza, anaamka, anawasha chemli, anaketi naye sebuleni na kuanza kumsimulia habari za kawaida kabisa. Nani amepata sabuni, nani ameshika zamu ya upatu, mtoto wa nani ameng'oka jino. Kwa sauti ya juu kidogo ya mvua. Mpaka iishe. Mama aliamka mara nyingi akawakuta hivyo akadhani ndivyo wazazi wote wanavyofanya mvua ikinyesha.

Hilo lilichukua miaka. Siku hizi kuna majina ya hali ile na kuna wataalamu wa ushauri. Wakati ule kulikuwa na bibi na chemli.

Mtafiti wa Jioni

Asante kwa uzi huu. Naomba niongeze la zamani kidogo, maana mke wa askari katika nchi yetu hakuanza na Kagera.

Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wa Mjerumani waliozunguka na kamanda wao von Lettow-Vorbeck kuanzia hapa, wakaingia Msumbiji, wakarudi, wakaishia Rhodesia ya Kaskazini, hawakutembea peke yao. Wake zao na watoto walikuwa kwenye msafara ule ule. Wanawake walibeba vyombo, walipika, waliuguza, walizaa njiani na kesho yake wakaendelea kutembea. Wapo waliofika mpaka Abercorn, Mbala ya leo, silaha zilipowekwa chini Novemba 25, 1918.

Pita katikati ya Dar pale kwenye Sanamu ya Askari, imesimama tangu 1927. Ile ya Nairobi, ya 1928, angalau imemweka na mpagazi. Mke hayupo kwenye yoyote kati ya hizo mbili.

Mwana wa Keya

Salamu kutoka Kenya. Nyanya yangu alikuwa mke wa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza, Keya kama wazee walivyoita. Guka, yaani babu, alienda Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita bonde la Kabaw mwaka wa 1944 wakati wa mvua na malaria. Nyanya hakuwa na mtu wa kumsomea. Kwao barua ilisomwa na karani wa chifu, mwanamume, na watu wengine wakisikiliza. Kwa hivyo alipoletewa barua alikuwa anaichukua, anaiweka, hapeleki isomwe. Alikaa na barua nne zisizosomwa mpaka guka akarudi mwenyewe akamsomea jioni moja zote.

Nikisoma habari ya huyu bibi wa Tabora naelewa ni nini nyanya alikosa. Pole kwa familia.

MjukuuWaKota

Mwana wa Keya, hii imenigusa sana. Nitawasimulia nyumbani.

Mjane wa Kusini

Nimekuwa nikisoma tu, leo nimejiunga ili niandike. Mume wangu hakuwa wa Kagera. Alikwenda Msumbiji, 1987, wale waliopelekwa wakati wa vita na waasi wa RENAMO. Hakurudi. Vita vile havisemwi sana, hata watoto wangu shuleni hawakufundishwa. Nimeshafika Naliendele, Mtwara, kwenye makaburi ya mashujaa, nimesimama.

Aliyenishika kidole gumba siku ile alikuwa mke wa sajini, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Sikuwahi kujua yeye mwenyewe alijisikiaje. Nilikuwa na miaka 24. Tangu niusome uzi huu namfikiria yeye kuliko ninavyojifikiria mimi.

Mzee wa Kombania

Mama, pole. Mungu amweke mahali pema. Waliokwenda Msumbiji ni wenzetu, hatujawasahau.

MjukuuWaKota

Mama, shikamoo. Bibi alituambia mara moja tu alivyojisikia. Alisema siku ya gari kusimama kwa mwenzako, kitu cha kwanza kinachokuja ni shukrani kwamba halikusimama kwako, na hapo hapo unaona haya, na haya hiyo ndiyo inayokupeleka mbio nyumbani kwake. Huenda huyo mama wa nyumba ya tatu alikuja hivyo hivyo.

Tiki Moja

Habari zenu. Mimi nimeolewa na mwanajeshi, miaka mitatu sasa, tuna mtoto mmoja. Mume wangu ameshakwenda ulinzi wa amani nje ya nchi mara moja na anatarajia kwenda tena. Wenzetu mnasema barua. Sisi tuna simu, na kila mtu ananiambia nina bahati. Lakini nikituma ujumbe ukabaki na tiki moja siku mbili, silali. Kwenye laini yetu yupo dada aliyekuwepo Desemba 2017, wenzao waliposhambuliwa Semuliki kule Kongo. Anasema habari zilifika mitandaoni kabla hazijafika nyumbani, na wanawake walikuwa wanakuza picha kwenye simu wakitafuta sura.

Naomba kuuliza, dada MjukuuWaKota. Bibi alikuwa anajiandaaje? Nisaidie kwa vitu vya kufanya kabisa, maana kuombewa naombewa.

MjukuuWaKota

Tiki Moja, nimempigia mama na mama mdogo ili nisikujibu kwa kubahatisha.

La kwanza, bibi alimwambia babu kabla ya kila safari: usiniahidi siku ya kuandika. Ukiahidi Jumapili na Jumapili ikapita, nitakuzika bure. Nadhani hata kwa simu inafaa. Msiwekeane saa.

La pili, alikuwa na mwanamke mmoja kwenye laini, mmoja tu, aliyejua kila kitu: watoto wanaumwa nini, pesa iko wapi, ndugu wa kuitwa ni nani na wanapatikana vipi. Naye bibi alijua ya mwenzake. Yule dada wa 2017 anaonekana ni mtu wa namna hiyo. Zungumza naye.

La tatu ni mfuko wa kitambaa aliokuwa anaushona mwenyewe. Lori la uhamisho lilibeba kila kitu isipokuwa mfuko ule, huo aliupakata yeye njia nzima. Ndani kulikuwa na kadi za kliniki za watoto, barua zao za uhamisho wa shule, vyeti vya kuzaliwa vya waliokuwa navyo, na cheti cha ndoa.

Hiki cha mwisho naomba nikieleze vizuri. Waliooana 1967 kimila hawakuwa na cheti. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu ndoa ya kimila kusajiliwa, na bibi alilisikia hilo kwenye mkutano wa akina mama, akalisoma mwenyewe, akamsumbua babu mpaka wakaenda kwa msajili wa ndoa wa wilaya. Ilikuwa 1976. Babu aliona ni kupoteza siku, maana kila mtu anajua huyu ni mke wangu. Mwaka 1998, wiki mbili baada ya yale mazishi ya bendera na risasi, kwenye kikao cha ukoo cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, akasimama mtu mzima na kusema huyu mama tunamheshimu lakini ndoa yake hatuijui. Bibi hakubishana. Alifungua mfuko akaweka cheti mezani, akamwomba mjomba akisome kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Mahakama ya Mwanzo ilimthibitisha yeye kuwa msimamizi. Tangu hapo kila mke wa askari aliyekuja kumsalimia, kabla ya chai aliulizwa kuhusu cheti. Sheria yenyewe inamlinda kwa kiasi hata asiyesajili, kwa sababu watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakitambulika kuwa mume na mke hudhaniwa kuwa wana ndoa, lakini hapo utahitaji mashahidi na mabishano, tena ukiwa kwenye msiba.

Yenu ni ya aina gani?

Tiki Moja

Ni ya kimila. Mahari ilitolewa, wazee wote wanajua, cheti hatuna. Nimemwonyesha mume wangu jibu lako. Yuko nyumbani mpaka mwisho wa mwezi. Jumatatu tunakwenda kwa msajili.